Nguzo Zilizotolewa Mapema

Nilikuwa jikoni nasugua masufuria. Mara nikamsikia mama mkwe anafoka chumbani kwake.

"Jamani! Nimejigonga tena! Hiki ni chumba au msitu?"

Tulikuwa tunaongeza ghorofa. Wiki ile fundi alimwaga zege la dari juu ya chumba cha mama. Akaacha nguzo nyingi za mbao zimelishikilia kutoka chini. Tulimwambia mama alale kwetu. Wapi! Mama mkwe wangu haambiliki. Akaingiza kitanda chake katikati ya nguzo.

Mume wangu alipanda ngazi, akaligonga zege kwa ngumi.

"Limekauka kabisa," akasema. "Mama, leo nakuondolea msitu wako."

"Fundi amesemaje?" nikamuuliza.

"Fundi hajasema kitu. Na wewe, kila jambo wasiwasi!"

Nikaguna, nikarudi kwa masufuria yangu. Mama na mwana, kichwa kigumu kimoja.

Mchana nguzo zote zilikuwa uani. Mama alifagia, akatandika shuka safi, akajilaza. Juu ya dari ile tulikuwa tumeshapanga matofali ya ghorofa.

Jioni jirani yetu alipita kutusalimia. Yeye ni mkaguzi wa majengo, na alikuwa anatoka kazini na mkoba wake. Mume wangu akamwita kwa majivuno.

"Jirani, njoo uone dari!"

Jirani alifika mlangoni, akasimama. Tabasamu lake likafutika. Akatoa kifaa kidogo mkobani, akakibonyeza. Mstari mwekundu wa mwanga ukapita kutoka ukuta hadi ukuta, chini kidogo ya dari. Pembeni palikuwa na nafasi kati ya mstari na dari. Katikati dari ilikuwa imeshuka mpaka ikaugusa.

"Mbona mstari wako umepinda?" mume wangu akauliza.

"Mstari haupindi, jirani. Kilichopinda ni dari. Mtoe mama. Sasa hivi!"

"Sitoki," mama akasema. "Nimetandika sasa hivi tu."

Mume wangu alimbeba mzobemzobe. Mama alimpiga mgongoni njia nzima, huku akimtukana. Hatujafika getini, tukasikia mlio kama mbao inavunjika. Halafu kishindo.

Ardhi ilitetemeka. Vumbi likatoka mlangoni na dirishani, jeupe, zito. Lilipotulia, nilichungulia. Dari ilikuwa chini, na matofali yote juu yake. Nondo zimechomoza. Kitanda sikukiona. Mume wangu aliketi chini. Mama alimshika mkono.

Kesho yake jirani alirudi. Alitukuta tumekaa uani, hakuna aliyekula.

"Lakini lilikuwa limekauka," mume wangu akasema kwa sauti ndogo.

"Zege halipati nguvu kwa kukauka," jirani akamjibu. "Linapata nguvu kwa kukomaa, na kukomaa kunataka maji. Ninyi mmeliacha juani, mkaliondolea nguzo, mkalibebesha matofali. Na kabla ya kazi, nani aliuliza: nini kinaweza kuharibika hapa? Na kikiharibika, nani yuko chini yake?"



Tulipojenga upya, tulianza kwa maswali hayo. Fundi aliitwa, tukakaa naye, tukakubaliana. Hakuna mtu kulala chini ya zege bichi. Hakuna mzigo juu yake. Hakuna kugusa nguzo mpaka zege lipimwe. Tulikodi nguzo za chuma, zinazotumika nyumba hadi nyumba bila kukata miti mingine. Vifusi hatukuvitupa, vilipondwa, vikajaza njia ya uani iliyokuwa tope kila mvua. Zege jipya tukalifunika magunia, na kila asubuhi na jioni nikayamwagia maji ya mvua tuliyokinga.

Fundi alipotaka kutoa nguzo, mume wangu alisimama mlangoni. "Mpaka jirani apime!" Jirani akaja na nyundo yake ya kupimia zege, akagonga hapa na pale, akasoma namba. "Bado," akasema. Tukasubiri. Aliporudi mara ya pili, akasoma, akatabasamu. "Limekomaa. Toeni."

Mstari mwekundu ulipita chini ya dari, na nafasi ilikuwa sawa kutoka ukuta hadi ukuta. Tukaingiza kitanda kipya. Mama mkwe alisimama mlangoni, anatazama juu. Hakuingia.

"Mama, ni salama," mume wangu akasema. "Imepimwa."

"Nimesikia," mama akasema. "Lala wewe kwanza."

Mume wangu akavua viatu, akapanda kitandani, akalala chali. Alikaa hivyo, macho darini, machozi yanamtiririka masikioni. Mama akamtazama sana. Kisha akaingia, akaketi kando yake.

"Haya, sogea," akasema. "Hiki ni kitanda changu."