Cherehani ya Chumba cha Nyuma

Kila Alhamisi baada ya masomo, wanafunzi wa Klabu ya Habari walibaki darasani kutengeneza gazeti la ukutani. Waliunganisha karatasi mbili za manila kwa gundi, wakapiga mistari kwa rula ndefu ya ubaoni, kisha wakagombania kalamu nyekundu, ambayo ilikuwa moja tu na imekaribia kukauka. Ijumaa asubuhi gazeti lilibandikwa ukutani karibu na geti, ambapo wanafunzi, wazazi na hata wapita njia waliweza kulisoma.

Mwandishi mkuu alikuwa msichana wa darasa la sita aliyeitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mchoraji alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi yake, mvulana mpole mwenye miwani minene. Huyo walimwita Macho Manne, naye alikwishazoea. Mwalimu mlezi wa klabu alikuwa amewawekea sharti moja ambalo halikuwa na mjadala: habari haibandikwi mpaka wapatikane watu wawili walioona au kusikia wao wenyewe.

"Mmoja anaweza kuwa ameota," alikuwa akisema. "Wawili hawaoti ndoto moja."

Wiki hiyo Chiriku alikuwa na kinyongo. Toleo lililopita aliandika habari ndefu kuhusu bomba la shule linalovuja, akajibanza pembeni aone watu watakavyoshangaa. Watu walisoma matokeo ya mpira, wakacheka kibonzo cha Macho Manne, wakaenda zao. Bomba halikumshangaza mtu. Jambo hilo lilimkaa rohoni, akaapa kwamba safari hii wataacha mpira wasome yeye.

Jumatatu jioni, mawingu yakiwa yametanda, binamu hao wawili walikatiza uchochoro wa nyuma ya soko kuelekea nyumbani. Katikati ya uchochoro ilikuwepo nyumba ya Fundi Saa. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yake. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mkewe, mshonaji wa sare za shule, ambaye alifariki kabla ya mvua kuanza. Tangu azikwe, dirisha la chumba hicho halikufunguliwa tena. Siku hiyo hata mlango wa karakana ulikuwa na kufuli.

Walipofika usawa wa dirisha, walisikia. Tatatata, kimya. Tatatata, kimya tena, kama mtu anayeshona pindo, akasimama kugeuza kitambaa, akaendelea.

Macho Manne alimshika Chiriku mkono. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwenyewe si amekufa?"

Hawakungoja jibu. Walitimua mbio hadi barabara kubwa, na huko, akiwa bado anahema, Chiriku aliona kichwa cha habari mbele ya macho yake kikiwa na herufi nyekundu.

Walichokosa sasa ni mashahidi. Wao wenyewe hawakuhesabiwa, kwa kuwa mwandishi hawezi kujishuhudia. Asubuhi Chiriku alimwendea mlinzi wa geti, mtu anayependa mazungumzo kuliko chai.

"Shikamoo. Eti hujawahi kusikia cherehani ya marehemu mke wa Fundi Saa ikilia yenyewe jioni?"

Mlinzi alitoa macho. "Cherehani? Yenyewe? Ee bwana wee, mambo hayo yapo! Ile nyumba mimi siku zote naiona ina baridi."

Chiriku alihesabu: shahidi wa kwanza. Siku iliyofuata akamwendea mama muuza mkaa, anayekaa mkabala na uchochoro. Hata hakumaliza swali.

"Ile cherehani ya maiti?" mama alimkatiza, huku akijipangusa vumbi. "Inalia kila jioni, mwanangu. Uchochoro ule mimi sipiti tena."

Shahidi wa pili. Chiriku nusura aruke.

Alhamisi mwalimu alikuwa anakimbilia kikao, mafaili kwapani. Aliuliza akiwa mlangoni, "Habari kuu ina watu wawili?"

"Wawili, mwalimu."

"Walisikia wenyewe?"

Swali hilo Chiriku hakuwa amewauliza mashahidi. "Ndiyo, mwalimu," akajibu, na Macho Manne akainamia mchoro wake asionekane uso.

Ijumaa gazeti lilibandikwa. CHEREHANI YA MAREHEMU YALIA YENYEWE, kilisema kichwa cha habari, na chini yake Macho Manne alikuwa amechora dirisha jeusi lenye vidole vyeupe. Watu walijaa getini hadi mlinzi akapiga filimbi. Walioshindwa kusogea walisomewa na waliokuwa mbele. Chiriku alipita katikati yao akiwa amevimba kichwa, na siku hiyo hata wale wakubwa wa darasa la saba walimpisha.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Watoto walianza kuitupia mawe nyumba ya Fundi Saa na kukimbia. Wateja walituma watu kufuata saa zao hata kabla hazijatengenezwa. Wapita njia walizunguka mbali ili wasipite dirishani. Chiriku naye hakuwa salama: mvua ikigonga bati alisikia tatatata, chaki ikigonga ubao alisikia tatatata. Alianza kuogopa habari yake mwenyewe.

Jumatano jioni, mama yake alisema wakiwa wanakula, "Majirani wamempa yule mzee hadi Jumapili. Asipoitoa ile cherehani, wataingia waitoe wao na kuichoma moto. Masikini, kitu pekee alichoachiwa na mkewe."

Chiriku alirudisha tonge sahanini. "Mama, nani kasema ichomwe?"

"Mtaa mzima. Si imeandikwa gazetini kwenu kwamba watu wameisikia?"

Kesho yake alfajiri alikuwa kwa mama muuza mkaa kabla hata magunia hayajafunguliwa. "Mama, ile cherehani uliisikia wewe mwenyewe, kwa masikio yako?"

"Mimi? Mimi na uchochoro ule wapi na wapi! Aliniambia mlinzi wa shule yenu. Yeye ndiye aliyesikia."

Chiriku alikimbia hadi getini. Mlinzi alikuwa akifagia kibandani kwake.

"Mimi nisikie wapi, binti? Jioni mimi niko hapa hapa getini."

"Sasa nani alikwambia?"

Mlinzi aliacha kufagia, akamtazama kama anayetaniwa. "Si wewe? Si ulikuja hapa ukaniambia cherehani inalia yenyewe?"

"Nilikuuliza!"

"Basi ndiyo nikajua."

Chiriku aliwafuata mashahidi wake mmoja baada ya mwingine, na mwisho wa safari akajikuta yeye. Ule umati wote, yale mawe yote, yalitoka katika kinywa chake.

Jioni hiyo, masomo yalipokwisha, yeye na Macho Manne walipiga hodi kwa Fundi Saa. Hawakujibiwa, ila kutoka nyuma ya nyumba ilisikika ile sauti. Macho Manne alitaka kurudi. Chiriku alimvuta mkono, wakazunguka, wakakuta mlango mdogo wa uani uko wazi.

Chumba kilikuwa na giza. Ukutani zilining'inia sare za shule ambazo hazikumalizwa, nguo bila watu, mikono ikiwa imelegea. Hewa ilinuka mafuta ya mashine. Kwenye kiti, mgongo ukiwa umepinda, alikaa Fundi Saa mwenyewe, miguu yake ikikanyaga pedeli. Sindano ilipanda na kushuka. Haikuwa na uzi wala kitambaa.

"Shikamoo, babu," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

Mzee hakugeuka. "Marahaba. Mmekuja kuichoma? Siku yenu bado."

"Hapana, babu. Mimi ndiye niliyeandika." Machozi yalikuwa yakimtoka tayari. "Niliandika uongo. Nilimwambia mwalimu kwamba watu wamesikia, na sikuwa nimewauliza."

Pedeli ilisimama.

"Miaka yote nimetengeneza saa upande ule huku naisikia mashine hii upande huu," mzee alisema. "Alipoondoka, nyumba ilinyamaza hadi mikono yangu ikaanza kutetemeka. Mkono unaotetemeka haushiki skrubu ya saa. Kwa hiyo jioni nafunga karakana, nakuja hapa, naikanyaga kidogo. Najua hayupo. Ninachotaka ni ile sauti." Akawageukia. "Hizi sare mnazoziona ukutani ni za watoto wa shule yenu. Nusu ya darasa lako imevaa nguo za mkono wake. Na ninyi mmemfanya jini."

Macho Manne alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Tutaandika ukweli, babu," Chiriku alisema. "Ukituruhusu."

Mzee aliinuka kitini. "Andikeni. Lakini kwa herufi zilezile kubwa. Msije mkanichomeka pembeni chini ya mpira."

Chiriku alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu, akamweleza kila kitu bila kujitetea. Mwalimu alikasirika, tena sana. Alimvua cheo cha mwandishi mkuu hadi mwisho wa muhula. Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa na haraka, sikuisoma. Hilo ni langu. Leteni manila."

Ijumaa gazeti jipya lilisema kwa wino mwekundu: TULIANDIKA UONGO, NA JINA LA FUNDI SAA NI SAFI. Chiriku aliandika jina lake mwenyewe chini ya maneno hayo. Alisimama getini kusubiri umati. Walisimama watu wachache, wakatazama, wakahamia kwenye mpira.

Hapo ndipo alipoelewa. Uongo ulikuwa umejipeleka wenyewe, lakini ukweli ulihitaji kubebwa. Jumamosi alilibandua gazeti kwa ruhusa ya mwalimu, akalikunja, akaenda nalo nyumba kwa nyumba mtaa mzima, Macho Manne akishika ncha moja na mwalimu akifuata nyuma. Kila mlango alisoma lote na kuomba radhi. Wengine walimcheka, mmoja alimfokea. Mama muuza mkaa alisikiliza akiwa ameshika kiuno, kisha akatikisa kichwa.

"Kumbe mimi ndiye niliyewasha moto bila kiberiti," alisema. "Kesho nitakuwa wa kwanza kwake, na anayetaka kuichoma aanze na mimi."

Jumapili majirani walifika kweli. Walikuta dirisha la nyuma limefunguliwa wazi, na mama muuza mkaa ameketi ndani na gauni lake lililochanika, akisubiri Fundi Saa atie uzi. Wengine walisimama nje kwa aibu. Mlinzi alivua saa yake mkononi akaipeleka karakana, ingawa ilikuwa inakwenda vizuri tu. Hakuna aliyetaja moto.

Chiriku na mwalimu nao walikuwepo. Walipokuwa wakirudi, Chiriku alikuwa kimya, jambo ambalo lilimtia mwalimu wasiwasi. "Una nini? Cherehani si imepona?"

"Kuna bibi mmoja, mwalimu, nyumba ya mwisho kabisa kule juu. Jana, ulipokuwa bado unapanda kilima, alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru. Halafu akaniambia, 'Lakini mimi bado namsikia marehemu akishona.' Kwake ni mbali, mwalimu. Sauti haiwezi kufika."

Mwalimu alisimama. "Alikuwa anasikia kabla hujaandika?"

"Hapana."

"Basi, mwanangu, huyo anakusikia wewe," mwalimu alisema. "Neno likishatoka, hata ukilifuata mlango kwa mlango, kuna mlango mmoja utachelewa. Ndiyo maana tunauliza vizuri kwanza, na tusipojua tunasema hatujui. Rudi kwake kesho. Rudi na wiki ijayo. Mpaka asimsikie tena, alale usingizi."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, akaanza kupanga moyoni atamwambia nini yule bibi.