Nukta Mlangoni

Kijana alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya kinu cha kusaga nafaka kilichofungwa zamani. Unga mkavu wa miaka mingi ulikuwa umemganda nyweleni. Juu yake, dari ya mbao ilikuwa na tundu jipya. Uso ulikuwa umeharibika, na mfukoni hakuwa na kitambulisho wala simu.

"Tuliingia mlango wa nyuma," alisema sajenti. "Tukasikia mtu anapanda ngazi mbio. Tukamwambia asimame. Mbao zikakatika."

"Mlimfuata yeye?" aliuliza Inspekta.

"Tulimfuata Spana, afande, yule anayepokea simu za wizi. Ramani ndiyo iliyotuleta hapa. Lakini mtoa habari alisema Spana anakaa ng'ambo ya reli, kwenye nyumba ya bati jekundu."

"Kwa hiyo huyu hamumjui."

"Hatumjui."

Kiatu kimoja cha marehemu kilikuwa kimemvuka. Inspekta alitamani kumvisha, ila taratibu za eneo la tukio hazina huruma. Aliwaachia wataalamu wa alama za vidole, akaenda zake kitengo cha ramani.

Kitengo hicho kilikuwa chumba cha baridi kwenye ghorofa ya mwisho ya Idara ya Usalama. Taarifa zote za mahali zilipitia humo. Mtoa habari akitaja nyumba, wachoraji huitafuta kwenye picha iliyopigwa kutoka angani, wanaweka nukta, na askari wanaifuata nukta hiyo kwenye simu zao. Mkuu wa kitengo alikuwa mjane mmoja mpole aliyeitwa Mama Ramani, hata na mkurugenzi.

Kompyuta ilionyesha kwamba nukta ya Spana ilihamishwa jana yake, saa ya chai, kwa akaunti ya mchoraji aliyeitwa Miwani.

"Akaunti ni yako?"

"Yangu, afande."

"Na mkono?"

"Si wangu. Sisi hapa tukienda kunywa chai hatufungi kompyuta. Tunaaminiana."

"Mnaaminiana. Na pingu utavaa peke yako. Mtu amekufa, kijana."

Miwani alivua miwani yake, akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Mke wangu ana mimba ya kwanza. Nikamwambie nini?"

Inspekta alikuwa amewaona waongo wa kila aina, hata wale wanaolia vizuri. Huyu alionekana hana hili wala lile.

"Ikuze hiyo nukta," alimwambia. "Zaidi. Ungekuwa wewe, ungeiweka hapo, ukingoni mwa paa?"

"Hapana. Tunaweka katikati ya paa, sote. Isipokuwa Mama. Yeye huweka mlangoni. Anatutania kwamba polisi hawashuki na mvua."

"Na hapo kuna mlango?"

Miwani alisogeza pua kwenye kioo. "Kwenye picha hauonekani. Kibaraza kimeufunika."

Lakini mlango ulikuwepo. Inspekta alikuwa ameupita asubuhi ile ile. Aliyeweka nukta pale aliwahi kusimama pale kwa miguu yake.

Simu ikaita kabla hajafika kwenye ofisi ya mkuu. Ni maabara.

"Alama za vidole zimepata mwenyewe," ilisema sauti. "Marehemu ndiye Spana."

Inspekta alisimama kwenye korido, damu ikimchemka. Basi kumbe mtu alijua Spana yuko wapi, akawapeleka askari hadi mlangoni pake. Aliusukuma mlango wa Mama Ramani akiamini anaenda kumkamata muuaji.

Meza ilikuwa tupu. Vitu vyake vilikuwa tayari kwenye mkoba.

"Kaa, mwanangu," alisema Mama. "Nilikuwa nakuja kwako. Miwani mwache aende kwa mkewe. Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Spana ni mtoto wangu. Wa pekee."

Inspekta aliufunga mlango nyuma yake.

"Hapa hawajui. Tuligombana kwa ajili ya hizo simu zake, akahama. Nilipoona anafuatwa, nikampigia: toka hapo, zima simu, na usiniambie unakoenda. Nisije nikaulizwa nikashindwa kusema uongo. Kisha nikaihamishia nukta mahali pasipo na mtu."

"Angefungwa, Mama. Angetoka."

"Najua. Ila ningemwona kwa macho yangu akiburutwa, tena kwa nukta ya kitengo changu."

"Ule mlango wa nyuma uliujuaje?"

Mama akatabasamu kidogo. "Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mashine pale. Tulikuwa tunampelekea chakula, mimi na mtoto, tunapitia nyuma. Mtoto alipapenda mno. Alikuwa akijificha nyuma ya magunia, na baba yake akijifanya hamwoni."

Inspekta aliketi bila kukaribishwa tena. Hasira yote ilikuwa imemtoka, akabaki na uchungu mtupu.

"Wangu yuko salama, namshukuru Mungu," aliendelea Mama. "Kinachonitesa ni huyu mwingine. Maskini, labda hakuwa na pa kulala. Nimezoea kuweka mlangoni, nikaweka mlangoni, nikamzibia njia ya kutokea. Mama yake mmempata?"

"Tumempata."

"Kabla hamjanifunga, nipelekeni kwake. Nikapige magoti. Nimwambie sikukusudia." Akausogeza mkoba kando. "Ameshaambiwa?"

Inspekta alivua kofia. Alizunguka meza, akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Bado, Mama," alisema. "Ndiyo namwambia sasa."

Mama Ramani alimtazama mikono, kisha uso. Akaanza kutikisa kichwa taratibu, na hakuacha.