Mwadime Apimwa Maneno, na Wakesho Je?

Haya, niambie: umewahi kuona mtu akipimwa maneno?

Unga hupimwa kwa mizani. Nguo hupimwa kwa futi. Maneno je?

Wakesho hakujua. Alijua tu kwamba leo mdogo wake, Mwadime, anapelekwa hospitali kupimwa maneno.

Mwadime ana miaka mitatu. Husema "Mmm" tu. Majirani husema, "Huyu hatasema kamwe." Mama akisikia hivyo, humkumbatia Mwadime.

Leo Mwadime kavishwa viatu vipya! Mwadime kabebwa mgongoni! Mwadime kapewa ndizi nzima!

Wakesho akanuna. Midomo mbele, hivi! "Na mimi je?"

Hospitalini, foleni ilikuwa ndefuuu. Nyuma yao alisimama mtoto wa sweta nyekundu.

Ndani alikuwepo Bi Zighe, mpima maneno. Hakuna sindano. Kuna mkeka, na picha, na wanasesere, na stika za zawadi. Kumbe kupimwa maneno ni kucheza!

"Si feya!" akasema Wakesho.

Bi Zighe akatikisa kengele nyuma ya Mwadime. Ngili-ngili! Mwadime akageuka.

Bi Zighe akainua picha. "Mwadime, huyu ni nani?"

"Paka!" akasema Wakesho. "Na yule ni jogoo! Nawajua wote. Nipe stika!"

"Najua unajua, binti. Leo ni zamu ya Mwadime."

Midomo mbele, hivi! "Na mimi je?"

Bi Zighe akamuuliza Mama, "Nyumbani akitaka maji?"

"Ananyoosha kidole. Wakesho anamsemea."

"Akitaka uji?"

"Wakesho."

"Akitaka kubebwa?"

"Wakesho huyo huyo. Ndiye redio ya nyumba!"

Bi Zighe akacheka. "Basi nina kazi ya Wakesho peke yake." Akampa kichupa cha mapovu ya sabuni. "Puliza mara moja. Kisha funga mdomo, usubiri."

Fuuu! Mapovu yakapaa. Pa! Pa! Pa! Mwadime akacheka.

Wakesho akafunga kichupa. Akafunga mdomo.

Mwadime akanyoosha kidole. "Mmm."

Loo! Maneno yalimjaa Wakesho mdomoni. Mashavu yakavimba. Akasubiri.

"Mmm."

Akasubiri tu.

"Fu," akasema Mwadime.

Mama akaziba mdomo kwa kanga. "Amesema?"

"Fu!"

Fuuu! akapuliza Wakesho.

"Anasikia vizuri," akasema Bi Zighe. "Maneno yake yanachelewa, nasi tutayasaidia. Mrudi mwezi ujao. Na Wakesho aje, namhitaji."

Stika moja kwa Mwadime. Stika moja kwa Wakesho!

Wakatoka. Mlinzi akafunga mlango. "Leo basi. Wengine mwezi ujao."

Mtoto wa sweta nyekundu akanyoosha kidole mlangoni. "Mmm."

Jua likazama. Wakesho na Mwadime wakajifunika blanketi moja.

"Fu," akasema Mwadime.

"Fuuu," akajibu Wakesho. Kisha akakumbuka. "Mama, na yule wa sweta nyekundu?"

"Hakuingia, mwanangu. Chumba kimoja, Bi Zighe mmoja."

"Kwani hakuna akina Bi Zighe wengine?"

"Wapo tele. Wamesoma, wamemaliza, wamekaa nyumbani. Hawajaitwa kazini."

"Nani huwaita?"

"Wakubwa. Wale wa ofisini, wenye viti vya kuzunguka."

Wakesho akaketi kitandani. Akavuta pumzi. Akapaza sauti, ofisini wasikie.

"Nyinyi wa viti vya kuzunguka! Simameni! Ongezeni vyumba! Waiteni akina Bi Zighe! Mwadime amepata. Mimi nimepata."

Midomo mbele, hivi!

"Na yeye je?"