Ndugu wa Karibu wa Fundi Lifti

Ukumbi wa mapokezi wa hospitali ulifurika Jumatatu ile, na katika umati huo wote hapakuwa na mpweke kama fundi lifti. Alivaa ovaroli la kijivu lenye madoa ya grisi, akalikumbatia tumbo kama mtu aliyeficha kuku wa wizi. Lilikuwa likiuma, likiacha, likiuma tena, mwezi wa pili sasa.

Mpiga picha za ndani ya mwili katika chumba cha CT, dada wa sare ya samawati, alipokea fomu yake, akaona nafasi moja tupu.

"Ndugu wa karibu hujaandika."

"Sina."

"Kaka yangu, hata mwizi ana shangazi."

"Wangu alishatangulia. Andika chochote, dada, kompyuta haitabisha."

Kompyuta ilibisha. Ilikataa kusonga bila namba ya simu ya ndugu. Foleni ikaguna, na dada, kwa haraka na kwa dhambi ndogo isiyotajwa katika kanuni yoyote, akaandika namba yake mwenyewe.

Akamlaza kwenye mashine, akamchoma dawa mkononi, akaenda nyuma ya kioo. Picha zikaja. Kipande cha utumbo mwembamba kilikuwa kimejiingiza ndani ya utumbo wenyewe, kama mkono wa sweta uliovutwa ndani, kikaonekana duara ndani ya duara. Kwa mtu mzima, wakati mwingine huwa kuna uvimbe unaouburuta utumbo, na hapo ni kisu. Wakati mwingine si kitu. Kusema ni lipi ni kazi ya daktari. Kwa hiyo mpiga picha alifunga mdomo na uso pamoja, kama alivyofunzwa.

Fundi akautazama uso ule kama anayesomewa wosia. Akaondoka kabla ya majibu, akazima simu.

Kesho yake simu ya dada ililia akila peke yake, katika chumba ambamo kijiko kugonga sahani ndiyo mazungumzo pekee.

"Ndugu yako hapatikani," alisema daktari, asijue anaongea na nani. "Mwambie kipande ni kifupi, sentimita mbili. Hakuna uvimbe, utumbo haujaziba, na picha za mwisho zinaonyesha kimeshaachia chenyewe. Hapasuliwi. Ila nimwone Alhamisi. Wewe ni nani kwake?"

Dada aliweka kijiko chini. "Mtu wake," akasema.

Fomu ilitaja jengo analofanyia kazi. Alimkuta ghorofa ya tisa, kwenye chumba cha mota, akimwandikia maelekezo fundi atakayemrithi. Akamweleza yote. Fundi akasikiliza huku akifuta spana iliyokwishatakata.

"Sasa ule uso?"

"Ndio ninaovaa kazini."

"Ulinizika nao."

"Na wewe umezima simu, ukazima na lifti. Unajua nimepanda ngazi ngapi?"

Fundi alicheka, kisha kicheko kikamwishia. Akasema, akiitazama spana, kwamba tangu mama yake afariki hakuna aliyewahi kumtafuta.

Alhamisi fundi alikaa peke yake kwenye benchi kati ya chumba cha daktari na cha CT, shati jeupe limenyooshwa, kwa kuwa dada alishamwambia yuko zamu. Saa nne akatokea mtu wa gauni la njano. Alikuwa ni dada, amebadilishana zamu. Miaka sita aliita wagonjwa kutoka benchi lile, hakuwahi kulikalia.

"Ni baridi hivi?" akauliza alipoketi.

Fundi akasogea pembeni, akamwachia mahali alipokuwa.

"Kaa hapa," akasema. "Pameshapata joto."