Gauni Lililosubiri Timu Ifungwe

Jumapili jioni, mashine za kufulia za kulipia za mjini kwetu hapa Oklahoma hazina nafasi. Tessa, binti yangu, aliingia na shuka zake nyeupe, amevaa gauni la njano, akakuta mashine sita zinazungusha jezi tupu. Mbele yake amekaa kijana mrefu mwenye kofia, anatafuna mbegu za alizeti na kutemea maganda kikombeni.

"Kaka, una watoto wangapi?"

"Thelathini na watano. Wote wavulana, wote wachafu."

"Na mama yao?"

"Namtafuta."

Aliitwa Wade Pruitt, kocha msaidizi wa besiboli kwenye chuo cha hapa. Cheo kizuri kukisikia, ila kazi yenyewe ilikuwa kufua jezi, kufyeka nyasi, na mvua ikija kukimbia na turubai kufunika uwanja. Alimpisha Tessa mashine moja, soksi nyekundu ikabaki ndani. Shuka zikatoka rangi ya waridi, na binti yangu akarudi nyumbani anaimba. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Nataka kuwa kocha mkuu," Wade alimwambia barazani kwangu. "Lakini kazi hii hupandi ukikaa mahali pamoja, kipenzi. Unahama chuo hadi chuo mpaka mtu akukabidhi timu."

"Na mimi?"

"Wewe nisubiri kidogo tu."

Akaenda Nebraska. Kocha wake mkuu akafukuzwa, na kwao mkubwa akifukuzwa wasaidizi wote wanafungasha. Akaenda Louisiana. Kila chuo alituma fulana ya rangi yake: ya kijani, halafu ya zambarau. Tessa alilala nazo mpaka harufu ya mwenyewe ikaisha. Siku moja nilimkuta amekaa ndani ya gari lake, anayanusa maganda ya alizeti yaliyosahaulika chini ya kiti.

Krismasi moja Wade akamvisha pete. Kosa likaja kwenye tarehe. Timu mbovu humaliza msimu Mei, nzuri huingia mchujo wa ubingwa Juni, na timu ya Wade ilikuwa inafungwa na kila mtu.

"Juni tuko huru, mama mkwe," aliniambia akicheka. "Vijana wangu hawawezi kuushinda hata upepo."

Tukachagua Jumamosi ya kwanza ya Juni. Nilishona gauni jeupe kwa mikono yangu, nikalitundika mlangoni pangu.

Mei wale vijana wakaanza kushinda.

Mchezo wa mwisho Tessa aliusikiliza redioni, amelielekea gauni. "Kosa, mdogo wangu," alimnong'oneza mpigaji wa timu ya Wade asiyemjua. "Kosa mara moja tu." Mpigaji hakukosa. Simu ikalia papo hapo.

"Mpenzi! Tumeingia mchujo! Unasikia kelele?"

Tessa akazima redio.

"Hufurahi?"

"Mchujo ni lini, Wade?"

"Wiki ya... Mungu wangu. Jumamosi."

"Nilikuwa naomba mfungwe."

"Unaomba nini? Tess, nani atampa timu kocha anayefungwa? Kumbe uko upande wa wapinzani wetu!"

"Niko upande wa harusi yangu!"

Tessa akakata simu. Yeye aliamini Wade anapenda mpira kuliko yeye. Wade aliamini binti yangu hakutaka apande. Pete ikarudi kwa posta. Lakini shuka za waridi hazikutoka kitandani.

Mwaka uliofuata tulisikia Wade amekuwa kocha mkuu wa chuo kidogo Dakota Kusini. Tessa alisema "vizuri," akaenda kuosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviosha.

Jumapili moja ya Novemba, Tessa akiwa kwenye mashine zile zile, mlango ukafunguka. Wade, amekonda, koti la bluu, soksi moja nyekundu mkononi.

"Umetoka Dakota kufua soksi moja?" Tessa akamwuliza.

"Naona foleni ndefu. Nitapata muda wa kuongea."

"Ongea."

"Siku waliponitangaza walinivisha kofia, wakasema nimwite niliyekuja naye tupigwe picha. Nikageuka nyuma kama mjinga. Na ile Juni tulitolewa Ijumaa, Tess. Jumamosi yetu nililala hotelini na viatu miguuni."

Tessa akafuta macho kwa foronya. "Unataka nini?"

"Nikuoe."

"Mwezi gani?"

Wade akaanza kuhesabu. Februari, michezo. Julai, kuzunguka kutafuta vijana wapya. Vuli, mazoezi. Kabla hajamaliza, simu ikalia mfukoni.

"Ni baba wa kijana mmoja mrusha mpira ninayemtaka," akasema kwa uchungu. "Nikimkosa leo, chuo kingine kinamchukua."

Tessa akamnyang'anya simu. "Kocha hayupo, baba. Anaoa. Piga Jumanne." Akamrudishia. "Kesho mahakama iko wazi."

Tessa alifunga ndoa amevaa suruali ya jinzi na lile koti la bluu la Wade, kwa baridi. Jioni hiyo hiyo wakaondoka.

Mabinti mnaonisoma, ukipendwa na kocha usimwulize anakupenda kiasi gani. Mwulize anapumzika mwezi gani, na asikujibu kwa kicheko. Tessa hunipigia, anasema ana furaha, na ninamwamini. Ila anasema haraka haraka, nyuma yake watu wanashangilia. "Ngoja mama, zamu yetu kupiga!" Nabaki na simu sikioni, gauni jeupe mlangoni.

Ikifika Mei najikuta naomba wafungwe, mwanangu aje nyumbani.

Wanashinda.