Kliniki ya Ng'ambo ya Barabara

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Pin-yu huwa amekwisha kuwasha jiko. Duka lao la chai ya asubuhi liko Dounan, mji mdogo wa Taiwan, kwenye mtaa wa karibu na stesheni ya treni. Yeye hukaanga chapati za mayai. Mama yake hukaanga keki za figili, humimina maziwa ya soya, na huongea. Katika kazi hizo tatu, ya kuongea ndiyo anayoiweza zaidi.

Kila mteja ana neno lake. "Wewe, mbona umenenepa?" "Mwanao kafaulu?" "Leo mumeo kakuachia pikipiki?" Watu huja kula, lakini huja pia kujua nani kafanya nini. Na jiko lenyewe limekaa pazuri kwa kazi hiyo, maana linatazama barabara. Ng'ambo ya barabara kuna kliniki ya afya ya akili. Ina mlango wa kioo, vyungu viwili vya maua na kibao cha kijani. Anayekaanga chapati humwona kila anayeingia na kila anayetoka.

Pin-yu ana miaka ishirini na mitatu. Mwaka jana alianza kuugua. Siku ya kwanza alikuwa akivunja mayai. Ghafla moyo ukaenda mbio, mikono ikafa ganzi, pumzi ikawa haitoshi. Alidhani anakufa. Walimkimbiza hospitali, wakapima moyo, wakasema moyo hauna shida yoyote. Mama akachukua blauzi ya Pin-yu akaipeleka hekaluni ifukizwe ubani, kwa sababu aliamini binti ameshtushwa na kitu na ubani utamtuliza roho. Pin-yu akalala vizuri siku mbili. Siku ya tatu hali ikarudi.

Mwishowe daktari wa hospitali akawaambia ukweli. Huo ni ugonjwa wa wasiwasi. Unatibika. Anahitaji dawa kila siku, na kila baada ya wiki mbili azungumze na daktari wa afya ya akili.

"Tutakwenda Tainan," Mama akasema walipofika nyumbani.

"Tainan? Mama, kliniki si ile pale! Naiona kutoka hapa jikoni."

"Na wewe utaonekana hivyo hivyo. Unataka wakuite kichaa? Nani atakuoa?"

Basi kila Jumatano ya pili walifunga duka, wakapanda treni, wakasafiri saa moja na nusu. Majirani wakaanza kuuliza. Mama, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akawajibu, "Tunakwenda kumwona mchumba wa Pin-yu."

Mchumba mwenyewe alikuwa hewa. Wiki ya kwanza alikuwa mhandisi. Wiki ya tatu akavaa miwani. Kabla mwezi wa pili haujaisha alikuwa na nyumba yenye roshani mbili.

"Mama, basi nijulishe jina lake," Pin-yu alimtania ndani ya treni.

"Niache. Bado nafikiria."

Aliyemfurahia zaidi mchumba huyo alikuwa Shangazi A-luan, muuza mboga wa duka la pili. Sauti yake inasikika hadi stesheni. Kila asubuhi alikunywa maziwa ya soya akiwa amesimama, akauliza, "Keki za posa lini? Mimi msinipe boksi moja. Nataka mawili!"

Pin-yu alicheka, lakini kuficha kulimchosha. Kilichompa moyo ni kwamba matibabu yalisaidia. Alilala. Alirudi kuwatania wateja. Wiki zikapita bila moyo kumwenda mbio.

Kisha shule ya jirani ikaagiza chapati mia tatu za sherehe ya michezo, siku ya Jumatano.

"Tutakwenda wiki ijayo," Mama akasema.

"Dawa zinaisha kesho kutwa."

"Si umeshapona? Hebu jitazame mashavu!"

Pin-yu hakubisha. Na yeye alitaka kuamini kwamba amepona. Wiki iliyofuata kimbunga kikapiga, treni zikasimama. Siku zikawa kumi, zikawa kumi na mbili, hajameza hata kidonge kimoja. Kwanza usingizi ulipotea. Halafu, asubuhi moja duka likiwa limejaa, moyo ukaanza tena.

Alikaa chini nyuma ya friji, akishika magoti. Mama akasimama mbele yake kumkinga, akawaambia wateja, "Kala kitu kibaya jana." Kati ya miguu ya Mama, Pin-yu aliuona ule mlango wa kioo ng'ambo. Pale palikuwa na daktari. Palikuwa na dawa. Lakini hakuweza kwenda, kwa sababu watu kumi na moja wangemwona. Aliona aibu. Kisha akakasirika kwa nini anaona aibu.

Kesho yake walikuwa Tainan. Chumba cha kusubiri kilikuwa kimya. Pembeni alikaa mama mmoja mwenye kofia kubwa, miwani ya jua na barakoa. Pin-yu alimtazama mara moja tu. Muuguzi, Nesi Hsieh, akaita, "Nambari kumi na saba!"

"Nipo!" akaitika yule mama.

Pin-yu na Mama wakageuka kwa pamoja. Sauti ile hata kofia kumi zisingeificha. Shangazi A-luan naye akawaona, akabaki ameinama nusu, hajakaa wala hajasimama.

"A-luan!" Mama akawahi. "Sisi, unajua... tumekuja kupima macho."

"Na mimi!" A-luan akasema. "Macho. Yananisumbua kweli."

"Hapa hatupimi macho," Nesi Hsieh akasema.

Pin-yu akaangua kicheko. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu dawa ziishe.

"Na mchumba yuko wapi?" A-luan akauliza. Hapo hapo mlango wa ndani ukafunguka, daktari akachungulia. Ni mzee wa karibu miaka sabini, kichwa hakina unywele. A-luan akamtazama daktari, akamtazama Pin-yu. "Ndiye huyu mhandisi?"

"Shangazi, hakuna mchumba," Pin-yu akasema. "Mimi naumwa. Nina ugonjwa wa wasiwasi. Nakuja kutibiwa."

Hakuwahi kumwambia hivyo mtu yeyote wa Dounan. Alingoja kuona kitakachotokea. A-luan alivua miwani polepole. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi silali," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Silali, na kulia kunanijia tu bila sababu. Mwaka wa sita huu nakuja hapa. Watu nawaambia nakuja kumwona dada yangu. Sina dada Tainan. Sina dada popote."

"Sasa mwenzangu, si ungekwenda ile ya nyumbani?" Mama akashangaa. "Si ipo mbele ya pua yako?"

"Mbele ya pua yako wewe! Nikaingie pale, wewe umesimama na mwiko unanitazama? Unamkumbuka yule kijana wa posta?"

"Kijana gani?"

"Aliingia pale siku moja. Kabla hajatoka, mtaa mzima ulikuwa na habari. 'Kumbe naye kichwa si kizima!' Mimi nilikuwa hapo dukani kwako, na glasi yako mkononi. Nikasema moyoni, mlango ule sitii mguu."

Mama akamgeukia Pin-yu.

"Nilisema hivyo?" akamuuliza binti yake.

"Ulisema, Mama. Na mimi nilicheka."

Safari zote zile, Pin-yu alidhani wanawakimbia majirani wenye midomo. Kumbe majirani nao walikuwa wanawakimbia wao. Alimwonea huruma yule kijana wa posta, ambaye tangu siku ile hakuonekana tena kwenye ule mlango.

Nesi Hsieh alimwacha A-luan aingie kwa daktari, akaja kukaa karibu na Pin-yu.

"Dawa umeacha lini?"

"Leo siku ya kumi na tatu."

"Nani alikwambia uache?"

"Alionekana amepona," Mama akasema, akitazama viatu vyake.

"Mama, wewe una presha?"

"Ninayo, miaka mingi."

"Dawa unameza?"

"Kila asubuhi."

"Siku ukipimwa ukaambiwa presha imeshuka, unazitupa?"

"Nizitupe nife?"

"Ehe. Imeshuka kwa sababu unameza. Na binti yako ni hivyo hivyo. Alikuwa anaendelea vizuri kwa sababu ya matibabu. Dawa hizi haziachwi ghafla. Wakati wa kuzipunguza ukifika, daktari ndiye atakayesema, na zitapunguzwa kidogo kidogo."

"Kwa hiyo hekaluni tusiende tena?"

"Nendeni, Mama. Hata mimi nakwenda. Mkitoka huko, dawa ziko pale pale."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na ikimshika tena pale dukani? Mimi humwambia ajikaze."

"Hajalegea hata ajikaze. Anaumwa. Kaa naye. Mwambie, 'Niko hapa, litapita.' Mvute pumzi pamoja taratibu, mziachie taratibu. Akitaka kuongea, sikiliza. Na wewe Pin-yu, ukiona mawazo ya kufa au ya kujidhuru yanakujia, usingoje Jumatano. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, na mwende hospitali. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

"Jambo jingine. Mnatoka Dounan? Huko kuna kliniki nzuri. Nitawaandikia barua muhamie. Mkikosa treni hamtakosa dawa."

"Lakini wataniona," Pin-yu akasema.

"Watakuona. Hulazimiki kumweleza mtu ugonjwa wako. Hilo ni lako, unamwambia umtakaye. Ila usikubali macho ya watu yakunyime matibabu."

Jioni walirudi wote watatu kwenye behewa moja. A-luan alikuwa amevua kofia.

"Sasa huyu mchumba tutamfanyaje?" Mama akauliza.

"Tuseme kafa," A-luan akasema.

"Weee! Kijana wa watu!"

"Basi kahamia Amerika na roshani zake."

Walicheka mpaka abiria wakageuka. Lakini kesho yake asubuhi, duka likiwa limejaa, Mama aliweka mwiko chini. "Jamani, mchumba hakuwapo," akasema. "Niliwadanganya. Pin-yu alikuwa anaumwa, nikaona haya. Haya niliona mimi, si yeye." Alikuwa amemwomba ruhusa Pin-yu usiku kabla ya kulala, naye akakubali. Mteja mmoja akasema pole. Mwingine akauliza kama basi hakuna keki.

Kisha Mama akafanya jambo bila kushauriana na mtu. Duka lilipofungwa mchana, alikata gesi, akamwita A-luan amsaidie, wakalisukuma jiko lile zito huku wakitukanana na kuhema. Waliligeuza likatazama ukuta. Tangu siku hiyo, anayekaanga huipa kliniki mgongo.

"Joto la ukutani litakuua," A-luan alimwambia.

"Niache nife na joto langu. Nimewatazama watu vya kutosha."

Jumatano ya kwanza Pin-yu alivua aproni, akavuka barabara. Alihisi kila dirisha la mtaa linamtazama. Alirudi baada ya nusu saa na mfuko wa dawa. Mteja mmoja alikuwa amemuuliza Mama, "Pin-yu kaenda kufanya nini kule?" Mama akamjibu, "Kutibiwa. Yai moja au mawili?"

Miezi minne sasa imepita. Pin-yu hajakosa dawa hata siku moja. Moyo ulimwenda mbio mara mbili, na mara zote mbili Mama alikaa naye sakafuni, wakavuta pumzi pamoja, chapati za watu zikaungua. Hakuna mteja aliyelalamika, isipokuwa A-luan, ambaye hulalamika hata chapati zisipoungua. Yeye naye sasa huvuka barabara bila kofia. Analala kwa muda wa saa sita kila usiku, na kila mtu anajua kwa sababu anawatangazia.

Wiki iliyopita alikuja Mzee Liao, mkuu wa stesheni mstaafu. Mke wake alifariki wakati wa baridi. Huja kila siku, huagiza chapati moja, huila nusu, huondoka. Siku hiyo hakuagiza. Alisogea karibu na Pin-yu, akijifanya anachagua mchuzi.

"Binti," akanong'ona, "kule unakokwenda... wanapokea na wazee?"

"Wanapokea, Babu."

"Mtu akiingia, anaanza kusema nini?"

"Hata ukisema tu hulali, inatosha. Mimi siku ya kwanza nililia tu, na wakanielewa."

Mzee aliutazama mlango wa kioo kwa muda mrefu. Pin-yu akazima upande wake wa jiko, akafuta mikono.

"Twende, Babu. Nakusindikiza hadi mlangoni."

Mama alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, na alikuwa amesikia kila neno. Hakugeuka. Alivunja yai jingine, akamuuliza mteja aliyefuata kama anataka na pilipili.