Risasi Iliyokataa Mara Mbili

Orville Stidham alikutwa ameketi kwenye kiti chake cha karakana, kichwa kimelalia meza ya kazi, miwani bado iko puani. Risasi moja ilimwingia kifuani na kubaki humo humo. Kikombe chake cha kahawa kilikuwa kimejaa na kimepoa. Aliyemwona kwanza ni dada yake, aliyemletea vimkate vya moto na mchuzi kama kila asubuhi, na hadi polisi wanafika alikuwa bado ameishikilia sahani.

Mpelelezi Nadine Ratliff wa ofisi ya sherifu hakugusa kitu kwa muda. Alimjua marehemu, kama alivyomjua kila mtu katika bonde lile la makaa ya mawe mashariki mwa Kentucky. Stidham alikuwa fundi wa mitambo mgodini hadi mgodi ulipofungwa, na tangu hapo alishughulikia silaha za watu. Umahiri wake ulikuwa kwenye bastola ndogo za Kipolandi, zile zilizotolewa kwenye maghala ya jeshi la huko na kuuzwa huku kwa bei ya chee. Bastola nzuri, chuma kitupu, inaingia mfukoni. Ila kifyatulio chake kilikuwa kigumu kama mlango uliofura kwa mvua. Mtu akinunua leo, kesho anampelekea Stidham. Stidham anatoa springi ya nyundo, ile inayosukuma pini igonge risasi, anaweka nyingine laini, anasugua chuma panapokwaruza, na mwenye mali anarudi nyumbani anatabasamu.

"Wizi huu," alisema Curtis Fugate, naibu aliyependa kumaliza kesi kabla ya chakula cha mchana.

"Kimeibiwa nini?"

Fugate akafungua droo ya meza. Bastola za wateja zote zilikuwamo, zimepangwa vizuri. Akaifunga na kuanza kuchunguza dari.

Mlango haukuvunjwa. Marehemu hakupigana na mtu. Mbele yake, juu ya kitambaa safi, kulikuwa na springi ndogo inayong'aa, na kando yake kichupa cha dawa kilichofunguliwa, kitupu. Ratliff alivitazama vitu vile viwili kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama maiti. Stidham hakuwahi kutupa springi ya mtu. Aliitia ile ya zamani kwenye kichupa cha dawa, akampa mwenye bastola aende nayo, kwa sababu, alisema, ni mali yako, uliinunua. Basi kuna mtu alikuja hapa na kichupa chake kikiwa na springi ya zamani ndani, na akaondoka bila ile mpya.

"Curtis, wewe unayo bastola kama hizi. Ungekubali akurudishie springi ya kwanza?"

"Mimi? Kile kidude kiliwahi kunivimbisha kidole."

"Basi nani angeomba arudishiwe?"

"Labda mwendawazimu."

"Au mtu aliyetaka kuwa na hakika kwamba safari hii italia."

Fugate hakuelewa, naye Ratliff hakuwa na moyo wa kumweleza. Alikuwa amepiga magoti karibu na jiko la kuni, ameokota ganda la risasi kwa kibano. Akatoa kioo cha kukuzia na kutazama fataki, kile kiduara cha kitakoni kinachogongwa na pini ya bastola. Kwa kawaida huwa na alama moja. Hii ilikuwa na alama tatu. Moja ilikuwa ya kina, imezama hasa, na hiyo ndiyo iliyomuua Stidham. Mbili zilikuwa hafifu, kama chuma kilichokwaruzwa kwa ukucha.

Ganda lile alilijua. Akatamani sana asiwe yeye aliyeliokota.

Vuli iliyopita Darla Slone, aliyesoma naye shule moja tangu utotoni, aliuawa jikoni mwake na mume waliyekwisha kuachana naye. Darla alikuwa na bastola mkononi, moja ya zile za Kipolandi, iliyolainishwa na Stidham. Haikulia. Ratliff ndiye aliyeitoa risasi ile kwenye bastola, na chini ya kioo hiki hiki akaona zile alama mbili hafifu. Springi laini haigongi kwa nguvu. Risasi mpya huitikia hata hivyo, lakini risasi za zamani za jeshi, zile za kopo, fataki zake ni ngumu, na huweza kukataa. Yule mume alitoka uani akajimaliza mwenyewe. Hapakuwa na wa kupelekwa mahakamani, kesi ikafungwa, na kwa mujibu wa sheria bastola na risasi zake zikarudishwa kwa familia. Ratliff alizipeleka kwa mkono wake kwa Wendell Slone, baba yake Darla, pamoja na maneno aliyodhani ni ya faraja.

Akamwacha Fugate na wataalamu wa alama za vidole, akapanda gari peke yake.

Mzee Slone alikuwa jikoni, anakula mkate wa mahindi aliouvunjia kwenye glasi ya maziwa. Ratliff alikuwa amelishwa mkate huo huo kwenye meza hiyo hiyo, akiwa na Darla, wote wawili na magoti yenye vumbi. Mzee hakushtuka. Alimsogezea kiti kwa mguu na kumuuliza kama amekula.

"Nimekula, mzee Wendell. Orville Stidham ameuawa."

"Nimesikia."

"Kwa nani?"

"Hapa kila mtu ana redio ya polisi, mwanangu."

"Bastola ya Darla iko wapi?"

"Ndani."

"Na springi yake ya zamani?"

Mzee akatafuna polepole. "Springi gani?"

"Iliyokuwa kwenye kichupa cha dawa. Kichupa nimekikuta mezani kwa Orville."

"Vichupa viko vingi. Sisi wazee wote ni wagonjwa."

"Nilikurudishia risasi sita. Nionyeshe sita."

Mzee akachovya kijiko kwenye glasi yake. Ratliff alimwambia taratibu kwamba hana lazima ya kusema lolote, na kwamba anaweza kuita wakili. Kisha akaweka mezani mfuko mdogo wa plastiki wenye lile ganda. Mzee alilitazama, na uso wake, uliokuwa umefungwa tangu vuli, ukafunguka kwa chuki ambayo Ratliff hakuwahi kuiona kwa binadamu anayempenda.

"Ni wewe uliyeniambia alivuta mara mbili," alisema.

"Nilikuambia ili ujue alijitetea."

"Nilijua. Nikakaa nalo. Halafu naingia mkahawani, namkuta Orville anawasimulia watu huku anakula mayai yake. Anasema bastola ilikuwa safi, ni msichana aliyeshikwa na hofu, alivuta kilegevu. Binti yangu. Alivuta kilegevu." Alilirudia neno lile kana kwamba analitema. "Yule mbwa wa mume alijihukumu mwenyewe, hakuniachia kitu. Orville alibaki, anakunywa kahawa."

"Ukaenda kwake."

"Nikaenda na kichupa. Nikamwambia airudishe kama ilivyotoka Polandi. Akacheka, akasema Wendell, utavunja kidole. Lakini akaifanya, na akaifanya vizuri, hilo simnyimi. Akanikabidhi. Nikatia risasi ile ile mbele yake. Nikamuuliza kama anaijua."

"Akasema nini?"

Mzee akasukuma glasi kando. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ya mtu aliyechimba makaa maisha yake yote.

"Nilitaka aniombe msamaha. Nakuapia, Nadine, nilienda nikisema akiomba msamaha nitarudi nyumbani. Nilitaka alirudishe hilo neno, alimeze mbele yangu."

"Hakuomba?"

"Alisema, Wendell, mimi nilikuambia ununue risasi mpya."

Ratliff aliinua macho. Juu ya kabati, karibu na chumvi na unga, lilikuwapo kopo la bati lenye maandishi ya kigeni, la zile risasi za jeshi zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Lilikuwa limefunguliwa pembe moja tu, na lilionekana bado limejaa.

"Alikuwa amekuambia kweli?"

"Alinishika bega mlangoni pake siku naichukua. Akasema hii sasa ni laini, usimpe Darla takataka za kopo. Nikasema sawa." Mzee alifuta mdomo kwa kiganja. "Halafu nikamjazia za kopo. Mimi. Nikamwambia binti, hizi zinatosha tu."

"Kwa hiyo ulijua si kosa lake."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini, mzee Wendell? Alikuwa amekwisha kukurudishia springi. Ungeondoka."

Alisimama, akaenda kwenye droo ya vijiko. Ratliff akapeleka mkono kwenye bastola mkandani mwake, lakini mzee aliitoa bastola kwa ncha za vidole na kuiweka mezani kando ya mkate, mdomo wake ukitazama ukutani. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimevimba.

"Kwa sababu ni yeye peke yake aliyejua," alisema. "Nilipovuta kifyatulio nilisikia ile springi inanikatalia mpaka mwisho, nami nikavuta."

Akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza, apokee pingu.

"Na sasa unajua wewe."